Kocha Bila Marudiano

Anayeingia Lubutu kwa pikipiki kutoka Kisangani hufika na vumbi jekundu kwenye nyusi na simu iliyozimika. Kwa hiyo kituo chake cha kwanza huwa kibanda cha kuchaji: jenereta ndogo inayokohoa, ubao wenye nyaya zilizosokotana kama utumbo wa mbuzi, na benchi la watu wanaosubiri betri zijae. Kwenye benchi hilo mambo ya dunia huamuliwa. Siku nyingi ni mpira wa miguu. Lakini mtandao ukikubali, hupita vipande vya video za mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vya Marekani, South Carolina wakiwakimbiza watu, UConn wakipigiana pasi kama mafundi wanaoshona, na hapo ubishi hugeuka. Mbona Kongo, iliyotwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake mara tatu, leo haimo hata kwenye orodha?

Jibu huja haraka, tena huwa lilelile. Kocha.

Mmoja anataka kocha mzungu. Wa pili anataka mwanamume mkali, maana kwake yeye msichana asiyepigiwa kelele hakimbii. Wa tatu, ambaye ametazama video nyingi kuliko wenzake, anamtaka Dawn Staley wa South Carolina mwenyewe: "Mpeni yule mama miezi sita pale Kinshasa, kisha mtaniambia." Mzee akiuliza mshahara wake utatoka mfuko gani, anajibiwa kwa heshima zote, "Baba, hiyo ni kazi ya serikali," na mjadala unaendelea.

Lubutu haiko peke yake. Kindu husemwa hivyo, Kampala husemwa hivyo, Nairobi husemwa hivyo kwa sauti ya juu zaidi. Hata wakubwa wa michezo wanaamini. Timu ikifungwa, kocha anaondoka. Ikifungwa tena, anakuja wa tatu na anapigwa picha akiwa ameshika jezi. Imani hii imekaa vinywani muda mrefu hadi imeanza kufanana na hekima. Ina ila moja: inamkodolea macho mtu anayesimama kando ya uwanja, inasahau kuuliza wale watano walio ndani wamecheza mechi ngapi mwaka huu.

Tuanze na huyo huyo mama anayetakiwa Kinshasa. Dawn Staley alikabidhiwa timu ya wanawake ya South Carolina mwaka 2008. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 10 na kufungwa 18. Ndani ya konferensi yake, yaani lile kundi la vyuo jirani vinavyochezeana ligi yao wenyewe kabla ya mashindano ya taifa zima, alishinda mbili akapoteza 12. Mbili! Mwaka uliofuata akapanda kidogo, bado akafungwa zaidi ya alivyoshinda. Mashindano ya taifa, akiwa na timu hiyo, alifika mara ya kwanza mwaka 2012, na taji la kwanza alilibeba 2017, msimu wa tisa. Mataji ya 2022 na 2024, lile la 2024 bila kufungwa hata mechi moja kati ya 38, yalikuja baadaye sana. Kwa sheria za benchi la Lubutu angekuwa amefukuzwa kazi kabla msimu wa kwanza haujaisha, na leo hakuna ambaye angemtaja jina.

Wenzake wa daraja lake wana historia ya namna hiyo hiyo. Geno Auriemma wa UConn, ambaye sasa ana mataji 12, alianza mwaka 1985 kwa kushinda mechi 12 na kupoteza 15, akasubiri taji la kwanza hadi 1995. Pat Summitt alipewa timu ya Tennessee mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 22, kwa mshahara wa dola 250 kwa mwezi. Jezi alizifua mwenyewe na gari la timu aliliendesha mwenyewe. Taji lake la kwanza ni la 1987. Alikuja kuwa na manane. Miaka tisa, miaka kumi, miaka kumi na mitatu: hizo ndizo hesabu za watu wanaoitwa wachawi wa kazi hii.

Shabiki mjanja atasema, sawa, basi somo ni subira, tuwape makocha wetu muda. Hapana, bado hajafika. Subira peke yake haifundishi mtu kutupa mpira kwenye ringi. Kocha wa Kongo ukimpa miaka kumi ya subira na mashindano ya wiki mbili kila mwaka, utapata kocha mzee. Kilichokuwapo South Carolina katika ile miaka ya kufungwa ni ratiba. Mechi zile 12 alizopoteza ndani ya konferensi zilichezwa. Zilikuwa na tarehe, zilikuwa na waamuzi, zilikuwa na basi la kuondoka na saa ya kurudi, na mwaka uliofuata zilirudi tena, wapinzani wale wale, viwanja vile vile.

Hapa inafaa kusogea karibu kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni dogo na benchi la kuchaji halilioni. Chukua msichana anayependa kwenda kulia. Mkono wake wa kulia ni mzuri: anadunda mara mbili, anamwacha mlinzi, anaweka pointi mbili. Katika mashindano ya mtoano ya wiki moja atafunga pointi 20 dhidi ya timu ambayo haijawahi kumwona, watu watambeba mabegani, na hiyo timu hataiona tena maishani. Amejifunza nini? Kwamba kulia kunatosha. Sasa mpeleke kwenye ligi ya nyumbani na ugenini. Januari anafunga 20. Februari timu ile ile inamsubiri. Mlinzi wake amewekwa hatua nusu upande wa kulia, kiwiko kiko tayari, na kila akigeuka anakuta kifua. Anamaliza na pointi nne na machozi. Wiki hiyo, bila kuambiwa na mtu, anaanza kudunda kwa mkono wa kushoto nyuma ya nyumba. Kocha mzuri atamwonyesha njia fupi ya kufika huko. Lakini haja ya kufika ameipata kwenye mechi ya pili.

Lugha yetu ina neno zuri kwa mechi hiyo ya pili: marudiano. Kongo hakuna marudiano ya kutosha kwa wasichana. Kombe la nchi linawakusanya mabingwa wa mikoa katika mji mmoja, wanacheza mfululizo siku chache, mmoja anabeba kombe, wengine wanatafuta nauli ya kurudi. Nchi ni kubwa, ndege ni ghali, barabara kila mtu anazijua, kwa hiyo mtindo huo unaeleweka. Kueleweka kwake hakuugeuzi kuwa msimu.

Kuna ushahidi mmoja ambao ungetosha kumaliza ubishi huu, nao unawahusu Wakongo wenyewe. Mwaka 1994 timu ya wanawake ya Marekani ilikwenda mashindano ya dunia huko Sydney ikiwa na kocha bora, Tara VanDerveer wa Stanford. Ikatolewa na Brazil nusu fainali, ikarudi na shaba. Miaka miwili kabla, Olimpiki ya Barcelona, ilikuwa shaba pia. Nchi yenye vyuo vingi vya kikapu kuliko nyota, shaba mara mbili! Benchi la Lubutu lingesema: fukuza VanDerveer. Wamarekani walifanya jambo jingine. Walimwacha yule yule, akachukua likizo chuoni, wakakusanya wachezaji, wakawapa mshahara, wakawapeleka kuzunguka dunia kwa miezi mingi wakicheza na vyuo na timu za mataifa. Mechi 52. Walishinda zote 52, na walipofika Olimpiki ya Atlanta Julai 1996 wakashinda nyingine nane na kuvaa dhahabu. Kocha ni wa 1994, nyota wengi ni wa 1994. Kilichoongezeka katikati ni mechi 52.

Kati ya wale waliofungwa Atlanta ilikuwamo Zaire.

Zaire ilikuwa bingwa wa Afrika. Ilikuwa imetwaa kombe la wanawake mwaka 1983, ikalichukua tena 1986, na ya tatu 1994, wakati Senegal ilikuwa ikilihesabu kombe hilo kama chungu cha jikoni mwake. Ubingwa huo wa mwisho ndio uliowafikisha Olimpiki. Wakafika wakiwa mikono mitupu kiasi kwamba Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyekuwa nyota wa NBA, alitoa fedha zake kulipia jezi na gharama za timu. Wakakutana na wale wa mechi 52. Matokeo: 107 kwa 47. Walipoteza mechi zao zote na kushika nafasi ya 12 kati ya timu 12.

Wako waliohitimisha wakati ule, na wapo wanaohitimisha hadi leo, kwamba kocha wa Zaire hakujua kazi, au kwamba wasichana waliogopa taa. Tazama basi yaliyompata mmoja wao. Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa, alitimiza miaka 20 Michezo ile ikiendelea. Mwaka uliofuata, 1997, ligi ya WNBA ilipoanza, akaingia Los Angeles Sparks. Klabu hiyo ilibadilisha makocha kama watu wanavyobadilisha soksi: Linda Sharp aliondolewa msimu wa kwanza haujafika nusu, akaja Julie Rousseau, akaja Orlando Woolridge, na mwaka 2000 akaja Michael Cooper. Makocha wanne ndani ya misimu minne! Ikiwa kocha ndiye kila kitu, binti huyo alipaswa kuvurugika kichwa. Badala yake alikuwa akipanda kila mwaka, kwa sababu makocha walikwenda lakini ratiba haikwenda popote: mechi 28 msimu wa kwanza, 30 wa pili, kisha 32. Mwaka 2000 alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wote, 2002 tena, na Sparks wakabeba ubingwa 2001 na 2002 akiwa mhimili wao. Msichana yule yule wa 107 kwa 47.

Na nyumbani? Hapa Lubutu ina la kusema kuliko Atlanta. Michezo iliisha mwanzoni mwa Agosti 1996. Oktoba vita vilianza mashariki. Kufikia Desemba, Tingi-Tingi, kilomita chache tu kutoka Lubutu, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki moja, na barabara kuu ikageuzwa kiwanja cha kutua ndege. Machi 1997 Kisangani ikaanguka. Husemwa mara kwa mara kwamba vita viliua vipaji vya Kongo. Sivyo kabisa, vipaji viliendelea kuzaliwa, ndiyo maana Jonathan Kuminga wa Goma yuko NBA leo. Kilichokufa kwanza ni kalenda. Timu ya Bukavu haiwezi kuiahidi timu ya Kisangani marudiano ya mwezi ujao wakati hakuna ajuaye barabara itakuwa ya nani mwezi ujao. Machi 2025, waasi wa M23 walipoingia Walikale, upande wa pili wa barabara hii hii, watu wa Lubutu walikumbuka hisia hiyo vizuri sana.

Sasa, upande wa pili una hoja zake, na mbili kati ya hizo ni nzito. Zisipojibiwa makala hii itakuwa imewaonea watu wa benchi.

Ya kwanza ni Sébastien Desabre. "Mbona yeye?" atauliza kijana yeyote wa Maniema. Mfaransa huyo alichukua timu ya taifa ya mpira wa miguu ya wanaume mwaka 2022, Chui, kama timu hiyo inavyoitwa, walikuwa wamelala, na mwanzoni mwa 2024 wakafika nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Ivory Coast. Novemba 2025 wakaitoa Nigeria kwa penalti. Huyo si kocha aliyefufua timu? Ni kocha mzuri, hakuna anayekana. Lakini aliowaita ni wachezaji ambao kila mmoja alikuwa na klabu, wengi wao Ulaya, wanakocheza mechi 30 au 40 kwa mwaka, wiki hii nyumbani, wiki ijayo ugenini. Desabre alipewa vyuma vilivyokwisha kunolewa na misimu ya watu wengine, akavipanga. Mpe wachezaji wanaocheza wiki mbili kwa mwaka uone.

Ya pili ni ngumu zaidi: Rena Wakama. Katikati ya mwaka 2023 Nigeria ilimpa timu ya wanawake, na wiki chache baadaye, Kigali, akabeba ubingwa wa Afrika. Paris 2024 akaifunga Australia 75 kwa 62, akaifunga Kanada, akaifikisha Nigeria robo fainali, jambo ambalo hakuna timu ya kikapu ya Afrika, ya wanaume wala ya wanawake, iliyowahi kulifanya Olimpiki. Akatajwa kocha bora wa mashindano yale. Tena nyuma yake kulikuwa na vurugu tupu: mwaka 2022 serikali ya Nigeria iliitoa nchi kwenye mashindano ya kimataifa ya kikapu, na nafasi yao ya kombe la dunia ikaenda kwa Mali. Basi si huyu hapa, kocha aliyeshinda bila mfumo?

Angalia orodha yake. Promise Amukamara alisoma Arizona State. Amy Okonkwo alimalizia TCU. Elizabeth Balogun alipita Georgia Tech, Louisville na Duke. Ezinne Kalu alitoka Savannah State. Mchezaji wa chuo aliyekaa miaka minne ana mechi kama 120 mwilini kabla hajavaa jezi ya taifa. Nigeria haikukosa msimu, iliukopa. Na kuna tarakimu nyingine ambayo wapenzi wa Wakama huiruka: ubingwa wa Afrika Nigeria iliuchukua 2017, 2019, 2021, 2023 na 2025. Mara tano mfululizo. Taji la kwanza alikuwa Sam Vincent, mawili yaliyofuata Otis Hughley, mawili ya mwisho Wakama. Makocha watatu wa tabia tatu tofauti, kombe lile lile. Anayetaka kujua ni nini hakikubadilika, hahitaji darubini.

Rwanda nao wafaa kutajwa, hata kama kuna watakaokunja uso jina hilo likisomwa upande huu wa mpaka. Kwenye mashindano hayo hayo ya Kigali walifika nusu fainali. Sifa nyingi zilimwendea kocha Cheikh Sarr, Msenegali. Chini ya ringi alisimama Bella Murekatete, ambaye miezi michache tu kabla alikuwa Washington State, katika konferensi ya Pac-12. Msimu huo kila chuo kilicheza mechi 18 ndani ya konferensi dhidi ya wapinzani 11, maana yake wengi wao unakutana nao mara mbili. Washington State walimaliza wakiwa wa saba. Kisha, Machi 2023, wakashinda mechi nne ndani ya siku tano mjini Las Vegas, ya mwisho dhidi ya UCLA, na kuchukua taji ambalo hakuna timu ya wanawake ya chuo chao iliyowahi kulichukua. Wa saba kuwa wa kwanza bila kubadilisha kocha! Walikuwa wamefungwa na wale watu, walikuwa wamewasoma, na walipokutana nao tena walijua nani anapenda kulia.

Basi dawa ni kuwapeleka mabinti wote Marekani? Hilo ndilo kosa pacha la lile la kocha, na linasemwa na watu wale wale. Madina Okot wa Kenya alifika Mississippi State mwaka 2024, kisha 2025 akahamia South Carolina kwa Staley, na Wakenya wamekuwa wakigombana ni kocha gani anastahili shukrani. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hao wote alikuwa akichezea Zetech, chuo kikuu cha hapo hapo Kenya, katika ligi ambamo wasichana wa vyuo hukutana na wanawake watu wazima wa bandari na wa benki. KPA, timu ya bandari, hutoka Mombasa, na hao si watu wa kukuonea huruma. Uganda ni vivyo hivyo: Jane Asinde alikuwa tayari tishio na Lady Canons wa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda ndipo akaonekana na kwenda Texas. Mmarekani haji Afrika kuchimba udongo. Anaokota kilichokwisha kung'aa.

Kuna jambo jingine katika hii ibada ya kocha, nalo halichekeshi. Mahali pasipo na msimu, kocha hupata nguvu ambazo binadamu hapaswi kupewa. Safari ni moja kwa mwaka. Pasi ya kusafiria ni moja. Majina ni 12, na anayeyaandika ni mtu mmoja, kwa sababu hakuna jedwali la pointi, hakuna rekodi ya mechi, hakuna kitu ambacho msichana anaweza kukiweka mezani na kusema: nimefunga hizi, nimeokoa hizi, niondoeni kama mnaweza. Mali waliona mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2021 yalifichuka madai ya miaka mingi kwamba wachezaji wa kike walidhulumiwa kingono ndani ya mfumo wa timu za taifa. Kocha wa timu ya wasichana ya vijana akakamatwa, na uchunguzi ulioagizwa na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ukakuta kwamba uovu huo ulikuwa umezoeleka katika shirikisho la Mali. Anayesema wasichana wanahitaji mwanamume mkali mwenye sauti ya mwisho, asome habari hiyo kwanza. Msichana mwenye mechi 20 zilizoandikwa daftarini ana kinga kidogo ambayo mwenye mechi tatu hana.

Rudi Lubutu sasa, maana ni rahisi kuongea Las Vegas ukasahau udongo wa hapa. Wasichana wa shule wanacheza juu ya ardhi nyekundu. Mvua ikinyesha mpira haudundi, unakaa pale ulipoanguka kama embe bovu. Matokeo yake yanashangaza mgeni: wanajifunza pasi kabla ya kudunda, na mkononi mwao mpira haukai. Makocha wa Marekani hulipwa mamilioni kuwafundisha vijana wao tabia hiyo. Kwa hiyo suala la ufundi wa awali si baya kama linavyodhaniwa. Walimu wa michezo wapo, wengine walicheza wenyewe. Wanachokosa ni mtu wa kucheza naye mara ya pili.

Na hapo ramani inaingia. Kiutawala, timu ya Lubutu ni ya Maniema, na njia yake ya kwenda juu inapita Kindu. Lakini Lubutu iko karibu na Kisangani kuliko Kindu. Biashara yake, wagonjwa wake, wanafunzi wake na baiskeli zake zilizobeba mawese huelekea Kisangani. Kumwambia binti wa Lubutu acheze ligi ya mkoa wake ni kumpa safari ya siku kadhaa kwa ajili ya mechi moja. Konferensi za Marekani hazikuanzishwa kwa mipaka ya majimbo. Ile ya Kusini-Mashariki iliundwa 1932 na vyuo vya majimbo kadhaa ambavyo vingeweza kufikiana. Ujirani ndio uliokuwa sheria. Kweli, siku hizi pesa za televisheni zimewatia wazimu: tangu 2024 Stanford, chuo cha pwani ya Pasifiki, kinacheza konferensi ya pwani ya Atlantiki, na Pac-12 ya akina Murekatete ilisambaratika mwaka huo huo. Wazimu huo hauna haja ya kuigwa. Cha kuigwa ni kile cha 1932.

Barabara ipo. Si nzuri, lakini malori yanapita na pikipiki zinapita. Timu mbili za wasichana Lubutu, moja Wanie-Rukula, tatu Kisangani: hizo ni sita. Kila moja ikikutana na nyingine nyumbani na ugenini, kila msichana anapata mechi kumi, na barabara nzima inapata mechi 30. Kwa kuwa nusu ya timu ziko Kisangani na mbili ziko Lubutu, safari ndefu ni chache kuliko zinavyoonekana. Timu ikishuka Kisangani inacheza Ijumaa, Jumamosi na Jumapili na timu tatu tofauti, inalala kwa wenyeji, inapanda lori Jumatatu. Viongozi wa mikoa miwili watabishana jina la ligi hiyo na nani ni mwenyekiti. Waachwe wabishane, mradi mechi zinachezwa. Mwaka ambao barabara si salama, sehemu ya Lubutu itasimama na ile ya Kisangani itaendelea, kisha itaunganishwa.

Vifaa vyake havijazi ukurasa. Mipira sita, filimbi mbili, ringi za chuma ambazo fundi wa kuchomelea milango anaweza kuziunga kwa kipimo, saa ya simu moja isiyozimika (wa kibanda cha kuchaji apewe kazi hiyo, amekaa bure sana), na daftari. Daftari ndilo la kulinda kuliko mpira. Liandikwe jina la kila msichana, pointi, makosa, mipira aliyookoa, na lisikae nyumbani kwa kocha. Na kabla wageni hawajapanda lori kurudi kwao, ukurasa unaofuata uandikwe tarehe ya marudiano, manahodha wawili watie sahihi.